Masomo Saba katika Muhula Mmoja

Mzee mmoja wa Kinna aliuza maksai watatu katika mnada wa Isiolo ili mwanawe apate kwenda chuo kikuu kusomea ufugaji wa wanyama. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ulilipa sehemu ya karo. Maksai wakalipa iliyobaki, pamoja na godoro, viatu na nauli. Basi kijana aliporudi nyumbani likizoni, baba yake alimketisha chini ya mgunga akataka apewe hesabu ya ng'ombe wake.

Kijana akatoa ratiba. Katika muhula ule mmoja alikuwa amefundishwa masomo saba: muundo wa mwili wa mnyama, kemia ya viumbe, takwimu, uchumi, falsafa, stadi za mawasiliano, na somo juu ya Ukimwi. Mzee, ambaye hakusoma ila Kurani, alisikiliza yote kwa utulivu. Yale ya mwili wa mnyama aliyakubali mara moja, hata akamkumbusha mwanawe kwamba ngamia hana nyongo, jambo ambalo kijana alikuwa amelisoma juzi tu kitabuni. Kisha akauliza: "Mwanangu, nilikupeleka ukasomee ng'ombe. Hii falsafa ina pembe ngapi?"

Kijana alicheka, lakini jibu hakuwa nalo. Tena lilikuwapo jambo aliloficha. Alikuwa ameanguka mtihani wa stadi za mawasiliano. Somo lile lilifundishwa Ijumaa alasiri, naye aliliona kuwa la kujaza saa tu, akawa haendi. Lakini kanuni ni kanuni: hata mtu akishinda mengine yote, asipolipita hilo hapati digrii.

Swali la mzee si la kijinga, wala si lake peke yake. Hapo zamani mambo yalikuwa wazi zaidi. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichodumu tangu 1963 hata 1970, kiligawanya kazi baina ya vyuo vyake vitatu: aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alishuka Dar es Salaam. Mtu alivuka mpaka wa nchi kwa ajili ya somo lake. Siku hizi vyuo ni vingi, mwaka umegawanywa mihula miwili, na kila muhula mwanafunzi hupewa fungu la masomo, mengine ya kazi yake na mengine yanayowapasa wote. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, mawasiliano, falsafa na Ukimwi yamekuwamo katika masomo hayo ya wote.

Yafaa kusema kweli kwamba masomo ya wote mara nyingi hufundishwa vibaya. Mamia ya vijana hujazana katika ukumbi mmoja, walio nyuma hawasikii, na wengi hungoja kunakili madaftari ya wenzao juma la mtihani. Somo la namna hiyo kwa hakika halina pembe wala kwato. Hata hivyo makarani wa ofisi za serikali wangeweza kumwonyesha mzee barua za wenye digrii ambazo haja yake haionekani mpaka ukurasa wa pili.

Siri ilitoka njiani kwenda Isiolo, kwa sababu kurudia mtihani kulitaka fedha, na fedha ilikuwa ni mbuzi. Mzee hakugombeza. Alinyamaza mpaka mjini, akampeleka kijana moja kwa moja kwa mjomba wake, mpiga chanjo mstaafu wa idara ya mifugo, akasema, "Wewe uliyefanya kazi na wasomi, nieleze."

Mjomba alianza na sotoka. Ugonjwa ule uliangamiza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, na wazee bado husimulia habari za njaa iliyoufuata. Karibu na mwaka 1960, huko Muguga, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyokuwa bora kuliko zote za kwanza. Lakini ilitaka barafu, na barafu haifiki Merti. Baadaye ikapatikana iliyoweza kustahimili joto, wafugaji wenyewe wakafundishwa kuipiga. Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa duniani ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru, ambayo mzee wa Kinna huiona akitoka zizini mwake.

"Sasa sikiliza, shemeji," mjomba akasema. "Baada ya nyati wale, hapana aliyeuona tena. Je, kutouona ni sawa na kwamba haupo?"

Mzee alifikiri. Akajibu kwamba simba pia huenda asionekane mwezi mzima.

"Ndiyo hiyo. Ilibidi kuthibitisha kitu kisichokuwapo. Tukatoa damu za ng'ombe kwa miaka. Lakini wangapi, katika makundi mangapi, ndipo mtu aamini? Hiyo ni takwimu. Na mwenye ng'ombe hakubali mnyama wake achomwe shingoni na mgeni asiyejua kuamkia. Nimefukuzwa kwa mikuki, tena nilikuwa na barua yenye mhuri. Aliyejua kusema na Mborana, Msomali, Msamburu na Mturkana kila mmoja kwa adabu yake, huyo ndiye aliyerudi na damu."

Kenya ilitangazwa kuwa huru na sotoka mwaka 2009, na dunia nzima mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa duniani, baada ya ndui.

Mbuzi aliuzwa asubuhi yake. Kijana alirudia mtihani mwezi wa Agosti, akaupita kwa alama chache tu. Sasa baba yake humtuma awaandikie majirani barua za malalamiko ya malisho, na akiisha kusomewa husema kama imeeleweka au haikueleweka. Habari ya pembe za falsafa, mzee bado huiuliza.