Nusu Sekunde na Darasa Moja

Mwezi Juni Makambako huamka na ukungu, na mwaka huu baridi ilikuwa kali kuliko nilivyoikumbuka. Nilikuwa nimeteremka basi la usiku kutoka Dar es Salaam, nikahamia kwenye Noah ya kwenda Njombe. Kama ilivyo ada, haikuondoka mpaka ijae. Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi, alikuwa amekuja kunipokea. Baada ya shikamoo na marahaba alinionyesha simu yake.

“Mjomba, wewe uliyesoma uchumi, hebu niambie. Gari hili linastahili bei yake?”

Lilikuwa gari la umeme la kifahari, Porsche Taycan, toleo lililoboreshwa mwaka 2024. Nchini Marekani toleo la chini kabisa lilikuwa likianzia dola 90,900, na baada ya maboresho likaanzia dola 99,400. Mpwa wangu alilitetea kwa ufasaha. Betri kubwa zaidi sasa ina kilowati-saa 105, kutoka 93. Umbali wa safari kwa chaji moja umeongezeka hadi asilimia 35, kutegemea toleo. Kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha, betri hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 tu. Aidha, toleo hilo la chini linafikia kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4.8, yaani sekunde 0.6 mapema kuliko lile la awali.

Nilikiri kwamba kwa mnunuzi wa Stuttgart au California, nyongeza hiyo inaweza kutetewa. Anapata betri bora, muda mfupi wa kuchaji na vifaa vingi ambavyo zamani vililipiwa kando. Mtu anayenunua kwa fedha yake, katika nchi yenye vituo vya kuchaji, hana sababu ya kuniomba ruhusa mimi niliyekalia kiti cha kukunja katika Noah.

Hata hivyo, swali la mpwa wangu lilikuwa limeulizwa Makambako, na bei hupimwa pale mtu aliposimama. Tukapiga hesabu. Kwa kukadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, nyongeza ya dola 8,500 ni zaidi ya shilingi milioni 21. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka 2021, katika mpango wa fedha za UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa kwa makadirio ya shilingi milioni 20 kwa darasa moja. Kwa hiyo nyongeza peke yake, ile inayonunua nusu sekunde na ushei pamoja na hayo mengine, inatosha darasa la kidato cha kwanza, na chenji inabaki. Gari zima ni madarasa kumi na mawili.

Mpwa wangu hakunyamaza, na nilifurahi. “Lakini mjomba, matajiri wakinunua leo, teknolojia inashuka bei na kesho inatufikia sisi.” Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri ya gari iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa umeshuka hadi karibu dola 115. Tofauti yetu ni juu ya nani aliyeishusha. Wanunuzi wa anasa walifungua mlango, lakini kazi kubwa ilifanywa na viwanda, hasa vya China, vilivyotengeneza betri kwa mamilioni kwa ajili ya magari ya kawaida, mabasi na pikipiki. Bei hushushwa na wingi, na anasa kwa asili yake huukimbia wingi.

Hapo ningeweza kuhitimisha somo nikiwa mshindi. Lakini kijana yule alikuwa hajui jambo moja, nami nikaona si haki kumhubiria huku nikilificha.

Mwaka niliothibitishwa kazini nilichukua mkopo wa kukatwa mshahara kwa miaka mitano. Nilinunua gari la juu, lililotumika Japani, lenye injini kubwa kuliko safari zangu. Sikulihitaji. Nililinunua kwa sababu wenzangu walikuwa nayo, na kwa sababu niliona haya kufika kijijini kwa basi ilhali ninaitwa mhadhiri. Mwezi uleule dada yangu, mama wa kijana huyu, aliniomba nimsaidie kununua miche ya parachichi aina ya Hass kwa nusu ekari. Nilimjibu, “Mwakani, dada.” Mwakani haikufika. Mafuta, matairi na vipuri vilikula kilichobakizwa na makato, na siku nyingi gari lilikaa chini ya mti. Dada aliuza nguruwe wawili, akaanza na miche michache aliyoimudu. Mwishowe nililiuza gari kwa theluthi ya bei niliyonunulia. Miti ya dada ndiyo inayomlipia mpwa wangu ada mpaka leo.

Nilimsimulia yote hayo kabla dereva hajawasha gari. Alitazama dirishani kwa muda, kisha akauliza, “Mama anajua ilikuwa kwa sababu ya gari?” Nikamwambia anajua. Hajawahi kunitajia.

Ninaandika haya kwa ajili ya watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na kwa wanafunzi watakaorithi viti vyao. Kosa langu lilikula mshahara wangu na subira ya dada yangu. Kosa la namna hiyohiyo likifanywa ofisini hula kodi ya watu wasiojua kwamba wameombwa “mwakani”. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967 yalimkataza kiongozi hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha, gari hayakulitaja. Kupitia upenyo huo wa “kitendea kazi”, ukubwa ulikuja kupimwa kwa shangingi. Ninachohofia sasa ni shangingi la umeme: litakuja likiwa limevaa joho la mazingira, na atakayehoji bei yake ataitwa adui wa maendeleo. Umeme hauitakasi anasa inayolipiwa na umma.

Wala sisemi tuukatae umeme. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na hapohapo Makambako ndipo inapoanzia njia ya umeme wa kilovolti 220 kwenda Songea. Nishati hiyo ni yetu. Ningependa kuona ikisukuma bajaji, basi la wanafunzi, na gari la kutoa viazi shambani kabla mlanguzi hajamlazimisha mkulima kufunga lumbesa. Gari la namna hiyo hata likiwa ghali kwa asilimia 10 kuliko la dizeli, nitakuwa wa kwanza kuitetea nyongeza yake, kwa kuwa anayeilipa ndiye atakayeivuna.

Tulipofika Njombe dada alitupokea kwa “kamwene” na chai ya moto. Mwanawe akamwonyesha picha ya lile gari na kumtajia bei. Dada aliitazama kwa makini, akaikuza kwa vidole, akauliza, “Linabeba magunia mangapi?”

Tulicheka sote. Nilikuwa wa kwanza kunyamaza.