Jicho la Ndege Ndogo

Tangu mwaka jana hapa Punia twaulizwa neno moja kuliko mengine yote, baada ya ibada ya Dominika na hata njiani: "Mwalimu, yule kijana akivaa lile sanduku machoni, aona nini?" Wengine hawaulizi, wamekwisha kujijibu wenyewe. Mzee mmoja alituambia kwamba kijana hufunikwa macho ili asione aibu ya kazi yake. Mwingine alisema roho yake hutoka ikapanda ndani ya chombo, na chombo kikianguka basi naye hataamka. Sisi tumesimama karibu na kijana huyo mara nyingi, na miwani yake tumeivaa. Kwa hiyo twapenda kueleza jambo lenyewe lilivyo.

Chombo ni droni, yaani ndege ndogo isiyo na mtu ndani. Ina mikono minne, na kwenye ncha ya kila mkono kuna mota moja na panga la plastiki lizungukalo upesi sana. Mbele yake ipo kamera ndogo, si kubwa kuliko kidole gumba. Watu wa Kindu na Goma wamekwisha kuzizoea droni za arusi, ambazo mwenyewe hutazama picha katika simu yake. Zile ukiachia mikono husimama angani zenyewe, zikimngoja bwana wao. Hii ya miwani si kama zile. Ukiinamisha mbele yabaki imeinama na yazidi kwenda, mpaka uiinue tena. Ukikata nguvu ya mota yaanguka kama embe. Basi mikono haipumziki hata kidogo: kidole gumba cha kushoto chaongeza nguvu au kupunguza, na kugeuza pua, cha kulia chainamisha mbele, nyuma na pembeni. Kijana wetu alijifunza kwanza kwa mchezo wa kompyuta, miezi mingi, huko Kindu. Huko aliangusha droni mamia ya mara bila kupoteza hata franka moja.

Sasa miwani. Kamera yaona, mtambo mdogo mgongoni mwa droni watuma picha kwa mawimbi ya redio, antena za miwani zaipokea, na ndani ya miwani mna vioo viwili vidogo kama vya simu, kimoja kwa kila jicho, na lenzi za kukuza mbele yake. Yote hayo hupita kwa muda upatao sehemu 3 za sekunde moja iliyogawanywa mara 100. Ikichelewa zaidi, mrushaji ataona mti ungali mbele, kumbe amekwisha kuugonga. Hapo kwanza picha zilikuja kwa njia ya televisheni za zamani, zenye chengachenga. Mwaka 2019 kampuni ya DJI ya China ilitoa mtambo wake wa kidijitali, na picha zikawa safi. Lakini chenga nazo zilikuwa na faida: zilimwonya mrushaji polepole kwamba mawimbi yanapungua. Picha safi yaweza kuganda ghafula, na aliyevaa miwani akabaki akitazama jambo lililokwisha kupita.

Siku moja rafiki wa kijana huyo alikuja kutoka Kindu na miwani ya namna ile ile, nayo yaweza kupokea picha ya droni moja pamoja na ile ya kwanza. Basi nasi tukavalishwa. Tuliambiwa tuketi, tukaketi juu ya kigoda chini ya mwembe, tukidhani ni adabu tu. Haikuwa adabu. Droni ilipopanda, tumbo letu lilibaki chini. Macho yalisema tunaruka, miguu ikasema tumekaa, na kichwa hakikujua kimwamini nani. Tulishika kigoda kwa mikono miwili. Tuliona mabati ya shule, mashamba ya mpunga, kisha msitu, msitu, msitu, mpaka mwisho wa macho. Halafu kijana akaigeuza droni kurudi. Chini ya mwembe tukaona watu wamekaa, nyuso zimefunikwa, watoto wamewazunguka. Mmoja wao alikuwa amevaa shati letu.

Tulipovua miwani tukakuta mbuzi wa jirani ametafuna ukingo wa daftari la mahudhurio ya mafundisho. Tulikuwa tumemwona mbuzi huyo kutoka angani, mweupe, karibu na watu wawili. Hatukumwona mguuni petu.

Jambo hilo la mbuzi ndilo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Aliyevaa miwani aona mbali, lakini mahali alipo mwenyewe ni kipofu. Haoni mtoto anayemkaribia, haoni mvua inayokuja nyuma yake, haoni ndege ya abiria inayotafuta uwanja. Kwa sababu hiyo sheria za nchi za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika siku ya mwisho ya mwaka 2020, hazimruhusu mtu kurusha kwa miwani peke yake. Lazima awe na mwangalizi aliyesimama kando yake, asiyefunikwa macho, aitazamaye droni yenyewe na mbingu yote. Tena droni isipande zaidi ya meta 120. Kwetu pia kurusha droni kwahitaji ruhusa ya wakubwa, na kijana wetu anayo karatasi yake. Lakini kapita aliongeza sharti lake mwenyewe: droni isiruke kama hakuna mtu mzima kando, na mtu huyo awe mwalimu wa dini, kwa kuwa twajulikana katika kila nyumba. Ndivyo tulivyopata kazi ambayo hatukuiomba.

Kazi yenyewe si nyepesi. Twatazama juu mpaka shingo yauma. Twasema kwa sauti: "Watoto kulia." "Wingu." "Rudi." Twahesabu dakika pia, maana betri moja hudumu dakika 4 hadi 6 tu, halafu yahitaji kuwekwa chini ya jua la paneli nusu ya asubuhi. Betri hizo ni za lithiamu. Ikitobolewa au ikivimba yaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi, ndiyo sababu kijana huzitia katika sufuria kuukuu yenye mchanga, na hazichaji usiku watu wakiwa wamelala. Msitu nao ni adui. Mawimbi ya miwani, ya gigahezi 5.8, huenda moja kwa moja wala hayapendi maji. Na majani mabichi yamejaa maji. Droni ikipita nyuma ya miti minene picha yakatika, mota zazima, na chombo cha mamia ya dola chabaki juu ya mti ambao hata mpanda michikichi ataukataa. Kimoja kipo huko mpaka leo.

Watu wengine hucheka wakiona mama wanavyokimbia na watoto wao droni ikilia. Sisi hatucheki. Tarehe 3 Desemba 2013 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalirusha droni zao za kwanza za upelelezi mjini Goma, na tangu hapo watu wa mashariki ya nchi hii wamejua kwamba juu paweza kuwa na jicho. Tangu mwaka 2022 dunia nzima imeona katika vita vya Ukraine droni hizi hizi za miwani, zimefungwa bomu, zikimfuata mtu mmoja mpaka ndani ya handaki. Picha hizo zimefika hata hapa, katika simu. Mama anayekimbia basi hakukosa akili. Amesikia habari kama sisi tulivyosikia.

Tuliliona jambo hilo wazi siku ya kilio cha mfanya biashara mmoja. Ndugu zake walifika kutoka mbali, watu wenye mali, nao walitaka picha za msafara wa maziko kutoka juu, ziwafikie jamaa walio Kinshasa na Ulaya. Walimwahidi kijana dola 50. Lazima tuseme kwamba kijana huyo aliinunua miwani kwa mkopo, na mwenye fedha zake alikuwa amekwisha kuja mara mbili mlangoni kwake. Dola 50 zingemnyamazisha. Kijana alifika mapema, amevaa shati safi, miwani imepandishwa juu ya paji la uso.

Mjane alikuwa amekaa ukumbini na wanawake wenzake. Huyu mama hakuzaliwa hapa. Alikimbia vita vilipofika Walikale mwaka 2025, pamoja na mumewe na watoto. Aliposikia mota zikijaribiwa alinyanyuka, akatutafuta kati ya watu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, kile kikipanda mimi nitakimbia. Nitakimbia nimwache mume wangu njiani. Nimekwisha kujijua."

Tukaenda kwa ndugu wa marehemu. Mkubwa wao alitujibu kwa heshima, ila alisema kwamba mama yule ana huzuni, na huzuni hupita, lakini picha zingedumu. Tena, alisema, mwenye maiti ni ukoo. Tulimweleza kwamba hatukuja kushindana juu ya mwenye maiti. Tulisema tu kwamba leo hatutasimama kando ya kijana. Bila mtu wa kusimama, droni hairuki. Sharti ni la kapita, si letu. Alinyamaza kidogo, akaenda zake.

Kijana ndiye aliyekuwa mgumu. Alitutazama, akasema, "Mwalimu, na deni langu nani atalilipa?" Tulimwambia, "Mdogo wangu, hatujui." Tungesema nini tena? Hakuwa mwovu. Alikuwa na kazi ya halali, na sisi tumeizuia mbele ya watu. Aliifunga droni katika mfuko, akapiga picha za maziko kwa simu akitembea nyuma ya jeneza, wakampa dola 10. Kwa majuma matatu akikutana nasi njiani aligeuza uso. Mkopo ulilipwa baadaye, kwa mchele wa mama yake.

Wengine waliosikia habari hiyo walisema, basi, vyombo hivi vikatazwe kabisa. Hatukubali. Mwaka 2016 kule Zanzibar vijana wa nchi, pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu, walianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni, ili kuchora ramani mpya. Mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga. Na hapa nchini kwetu, katika jimbo la Equateur, mwaka 2019 zilijaribiwa kupeleka chanjo kutoka Mbandaka. Kweli, droni hizo hazina mtu mwenye miwani. Kompyuta ndiyo iziongozayo, nazo hupita juu sana. Miwani ina faida nyingine. Yamfaa mtu atakaye kuingia mahali pembamba, karibu karibu, pasipoingia ngazi wala kichwa cha mtu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa daraja. Katika njia ya pikipiki kuna daraja la magogo, na watu walibishana mwaka mzima ni gogo lipi bovu. Wengi walisema la kushoto, kwa kuwa juu limechakaa na kuota uyoga. Maji chini ni ya nguvu. Hakuna aliyetaka kwenda kutazama. Kijana, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kutusalimu tena, aliketi ukingoni, akavaa miwani. Sisi tukasimama kando yake, naye kapita alizuia pikipiki pande zote mbili. Droni ikapita chini ya daraja, kati ya magogo na maji, nafasi isiyofika meta 2. Ikapita mara tatu. Mara ya pili tuliona povu likiirukia, tukafumba macho, jambo ambalo mwangalizi haruhusiwi kulifanya.

Jioni picha zilionyeshwa kwa kapita, katika kompyuta, na fundi seremala akaitwa. Alisimamisha picha, akairudisha, akaisimamisha tena. Gogo la kushoto lilikuwa zima ndani. Lililooza ni la katikati, lile ambalo wote hukanyaga kwa kuliamini. Kwa chini lilikuwa limeliwa mpaka moyo, na ufa mrefu kama mkono wa mtu. Fundi alisema yapaswa kubadilishwa hilo na la jirani yake. Vijana wa shirika letu walikata miti miwili, wakaivuta kwa kamba siku nne. Mmoja umekwisha kuwekwa. Wa pili ungali kando ya njia, mzito, ukingoja maji yapungue, na mpaka hapo abiria hushuka, na pikipiki husukumwa upande wa kushoto.