Barua kwa Mpwa Anayejenga Mwili

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

   Ujumbe wako wa kutoka Dar nimeusoma, na picha ya lile kopo jeusi nimeikuza hadi macho yakauma. Umeniuliza mimi kwa kuwa nilikaa dirisha la dawa mpaka nikastaafu, basi nitakujibu kama mtu wa dirishani, si kama mzee anayeogopa kila kitu kipya. Unataka kujua kama virutubisho vya makopo ya namna hiyo vinaongeza misuli na nguvu kweli. Viwili vinasaidia kidogo. Vingi havisaidii kitu. Vile vinavyoleta mabadiliko makubwa upesi ndivyo vya kukimbia, na hapo ndipo nitakapokukalisha chini kwa muda.

Nianze na unga wa protini, kwa sababu ndio unaotaka kukumalizia pesa. Unga huo hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Zamani viwanda vya Ulaya na Marekani viliyamwaga au kuwapa nguruwe. Leo yanakaushwa, yanatiwa ladha ya chokoleti, na kopo lake linakaribia kodi ya mwezi ya hilo geto lako. Sisemi ni kitu kibaya. Nasema ni chakula, na kipimwe kama chakula.

Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 49 yenye watu 1,863 wanaonyanyua vyuma, wengine wakiongezewa protini na wengine la, wakachapisha matokeo katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza. Waliofanya mazoezi peke yake waliongeza uzito wanaoweza kuunyanyua kwa takribani kilo 27. Protini ya nyongeza iliwapa wenzao kilo 2.5 juu ya hapo. Kwenye nyama ya mwili, mazoezi yalileta kama kilo moja, na protini ikaongeza gramu 300. Kwa hiyo ipo faida, siwezi kukudanganya. Lakini tazama nani kaleta kilo 27 na nani kaleta 2.5, halafu utazame ni nani kati yao anayetangazwa kwa picha za majitu yaliyojipaka mafuta.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba ukishafikisha gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, kuongeza zaidi hakuongezi misuli. Wewe una kilo 65. Zidisha: gramu 104. Mayai matatu yana 18. Glasi mbili za maziwa, 16. Sahani ya kushiba ya maharage yaliyopikwa, kama 20. Konzi mbili za karanga, 12 au 13. Dagaa wakavu gramu 50, na hapa usidharau kwa kuwa ni chakula cha bei rahisi, wana gramu 25 hadi 30. Ugali na wali wenyewe vina protini yake kidogo, nayo inahesabika. Umefika, na hujagusa nyama. Tatizo lako, nikikujua, ni kwamba asubuhi unakunywa chai ya rangi na chapati mbili, mchana unakula chipsi, usiku ndio unakumbuka kuwa unajenga mwili. Kopo haliwezi kuziba pengo hilo kwa bei ambayo ungeimudu mwezi baada ya mwezi. Kama siku moja utapata kazi ya kukutoa nyumbani alfajiri na kukurudisha usiku, na unga ukawa njia pekee ya kupata protini mchana, nunua bila kuniomba ruhusa.

Yale makopo makubwa ya kunenepesha, ya kilo tatu na zaidi, usiyasogelee. Geuza kopo usome nyuma: sehemu kubwa ni wanga uliosagwa na sukari. Uji wa lishe wa mama yako unakupa hivyo hivyo, na karanga juu.

Cha pili ni kreatini, na hiki nakiheshimu. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitoa kwenye nyama mwaka 1832, kwa hiyo si uchawi wa juzi. Mwili wako unaitengeneza wenyewe, kama gramu moja kwa siku, na nyingine unaipata kwenye nyama na samaki. Karibu yote hukaa ndani ya misuli, ikisaidia kurudisha haraka ile nguvu inayotumika katika sekunde chache za mwanzo unapoinua kitu kizito. Mwaka 1992 Roger Harris na wenzake walionyesha kwamba mtu akila kreatini, akiba hiyo ndani ya misuli inaongezeka, na tangu hapo imechunguzwa kuliko karibu kirutubisho kingine chochote cha wanamichezo. Ni kama kuiongezea bodaboda kidumu cha akiba: haikimbii zaidi, inakwenda mbele kidogo kabla ya kuzimika. Unanyanyua mara tisa pale ulipokuwa ukiishia saba, na hizo mara mbili, wiki baada ya wiki, ndizo zinazojenga.

Zinajenga kiasi gani? Mapitio ya majaribio 22 yaliyochapishwa mwaka 2003 yalikuta kwamba waliotumia kreatini pamoja na mazoezi waliongeza nguvu kwa asilimia 20 kwa wastani, na waliopewa unga usio na kitu wakaongeza asilimia 12. Tofauti ni asilimia 8. Si haba, lakini sehemu kubwa ya hiyo 20 bado ni jasho. Ukiamua kuitumia, chukua ile ya kawaida, kreatini monohidrati, isiyochanganywa na chochote, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Hayo majina mengine marefu yenye bei mara mbili hayajaishinda. Wiki ya kwanza mizani inaweza kupanda kilo moja au mbili. Hayo ni maji yanayoingia kwenye misuli, usipige picha ukamtumia mtu. Jingine: ukienda kupima figo, mwambie daktari kwamba unatumia, kwa kuwa inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini damuni akadhani figo zinaumwa. Kwa kijana mwenye figo nzima, kiasi hicho hakijaonekana kuziumiza. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, aachane nayo mpaka daktari wake aseme. Wapo watu wasioitikia sana hata wakitumia sawasawa, kwa hiyo usishangae kama mwenzako ataona tofauti nawe usione.

Baada ya hivyo viwili orodha yangu inakwisha, ila ya duka ndiyo kwanza inaanza. Zile asidi amino zenye matawi, zinazouzwa kwa rangi ya juisi, ni vipande vitatu tu vya protini ambayo tayari umeila kwenye maharage na dagaa. Mbigili unaouzwa kwenye vidonge vya kupandisha homoni ya kiume haujaonekana kupandisha homoni hiyo kwa vijana wazima wanaofanya mazoezi. Halafu kuna kirutubisho kiitwacho HMB, chenye kisa cha kufundisha. Mwaka 2003 mtafiti Steven Nissen wa Iowa na mwenzake walipitia tafiti za virutubisho vya misuli. Bidhaa sokoni zilikuwa zaidi ya 250, lakini zilizokuwa na majaribio ya kutosha kupimwa zilikuwa sita tu, na zilizofaulu ni mbili, kreatini na HMB. Nissen huyo huyo alikuwa miongoni mwa wavumbuzi wa matumizi ya HMB. Majaribio yaliyofuata kwa watu waliokwisha kuzoea vyuma yamekuta faida ndogo mno au hakuna kabisa. Sisemi alidanganya. Nasema ukisikia sifa ya dawa, uliza anayesifu ana duka gani.

Utaniuliza, mbona basi jimu nzima inaapa kwamba vinafanya kazi? Mmoja wao kafungua kopo na kuanza vyuma wiki ileile. Wiki za mwanzo nguvu hupanda upesi sana hata kabla misuli haijanenepa, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kuiamrisha. Sifa inapewa kopo. Halafu kuna imani. Mwaka 1972 watafiti Ariel na Saville waliwaambia wanyanyua vyuma kwamba wachache kati yao watapewa steroidi. Waliochaguliwa, vijana sita, walimeza vidonge visivyo na dawa yoyote, wakaongeza uzito wa kunyanyua zaidi kuliko walivyokuwa wakiongeza kabla. Nguvu ilikuwa yao wenyewe, wakaishukuru chaki. Mimi nimeiona kazini: mgonjwa alikuwa akikataa kidonge cheupe na kupona kwa chekundu, dawa ni ile ile.

Sasa kaa. Kopo lisilofanya kazi linakula pesa zako tu. Ninachokiogopa ni kopo linalofanya kazi kupita kiasi. Mwaka 2004 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichapisha matokeo ya virutubisho 634 iliyovinunua kutoka nchi 13. Ilikuta 94, yaani karibu 15 katika kila 100, vina steroidi za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Na makopo mengi mnayoyashangilia yanatoka Marekani, ambako tangu sheria ya mwaka 1994 mtengenezaji hatakiwi kuithibitishia serikali kwanza kwamba kirutubisho chake kinafanya kazi ndipo akiuze. Herufi za Kiingereza na kifuniko kinachong'aa si ushahidi wa kilichomo.

Na steroidi, nisikufiche, zinajenga. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake walichapisha jaribio ambamo wanaume waliochomwa testosteroni kwa wiki 10 huku wakifanya mazoezi waliongeza kama kilo 6 za mwili usio mafuta, wenzao waliofanya mazoezi bila dawa wakapata karibu 2. Mzee anayekwambia hazifanyi kitu anakuharibu, kwa kuwa utamwona mtu aliyezitumia, utajua mzee kakudanganya, na hutamsikiliza tena atakaposema mengine. Mengine ndiyo haya: mwili ukiletewa homoni kutoka nje unaacha kutengeneza yake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua hata kwisha, na kurudi kwake si jambo la kuahidiwa. Moyo unanenepa, mafuta ya damu yanaharibika, na zile za kumeza zinaumiza ini. Katika jaribio lile la testosteroni madaktari walipima kila mtu. Jimuni kwenu hakuna anayempima mtu.

Nimefika kwenye kile ulichokitaja mwishoni mwa ujumbe, katikati ya utani. Umeandika kwamba jamaa mmoja kakupa vidonge kwenye kifuko cha nailoni kisicho na jina, na umepanda kilo nne ndani ya wiki tatu. Dada yako naye kaniambia uso wako umejaa kama wa mtu aliyeumwa jino. Mpwa wangu, misuli haiji usoni.

Vidonge vya kunenepa vya mitaani navijua. Mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksamethasoni, au vyote viwili. Deksamethasoni nayo huitwa steroidi, na hapo ndipo vijana wengi wanapotegwa, wakidhani ni ndugu ya zile za watunisha misuli. Hii inafanya kinyume. Inajaza maji na mafuta usoni na tumboni, huku ikiila misuli ya mapaja na mabega, ile ile unayoitolea jasho. Inapandisha presha na sukari, inadhoofisha mifupa, inapunguza kinga. Hospitalini ni dawa njema sana, imeokoa watu mbele ya macho yangu, kwa kiasi na siku zilizoandikwa na daktari.

Vyuma endelea navyo, hata hivyo vya zege vilivyomwagwa kwenye makopo ya rangi. Misuli haijui bei ya chuma. Ongeza uzito kidogo kidogo, lala saa saba au nane, acha kukesha na mpira wa Ulaya katikati ya wiki. Pesa ya kopo sitoi. Nimempa dereva wa basi la Jumamosi dagaa na karanga, mama yako kaongeza choroko, na trei ya mayai nitakutumia ya kununulia huko.

Lakini hivyo vidonge visisubiri Jumamosi. Kesho asubuhi nenda hospitali na kifuko chenyewe, usikitupe, umweleze daktari umemeza vingapi kwa siku na tangu lini, upimwe presha na sukari. Usione haya, watakuwa wamewaona wengi kabla yako. Usiongeze, na usiviache ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe pia, kwa kuwa kama ni deksamethasoni na umeitumia wiki tatu, mwili unaweza kuwa umelala, umeacha kutengeneza homoni yake, na kuikata kwa siku moja kunaweza kukuangusha. Daktari ndiye atakayekushusha taratibu. Ukisikia kizunguzungu unaposimama, kutapika, au kulegea kusiko kwa kawaida, usingoje asubuhi, nenda usiku huo huo na umtaje mtu aliyekupa. Ukishatoka, nipigie, hata kama ni saa ya swala. Simu nitaiacha wazi.

Mjomba wako