Mayo, Tule Wapi?

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakueleza mwenyeji afanyeje pindi anapobisha hodi katika ardhi ya kwao akapokewa kama mtu aliyepotea njia. Swali hilo lilimfika mwalimu mmoja kijana wa Kwale mwishoni mwa mwezi wake wa kwanza kazini. Hakulitafuta, alichokuwa akitafuta ni mahali pa kumlisha mamaye.

Mwalimu huyo, binti wa Msambweni, alikuwa amehitimu shahada ya ualimu, Kiswahili kikiwa mojawapo ya masomo yake mawili, akapangiwa shule iliyo karibu na Ukunda. Karo yake ya miaka yote ilitoka karaini. Mamaye alikuwa akidamka kabla ya adhana ya alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, na jioni akikaanga viazi karai kando ya barabara kuu iendayo Lungalunga. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliwapakulia madereva, wavuvi na wanafunzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuketi mezani nje ya nyumba yake akapakuliwa. Harusi na matanga hayahesabiki, kwani huko nako alikuwa jikoni. Basi mshahara ulipoingia, binti aliapa kuwa mlo wa kwanza wa fedha hizo utakuwa wa mama, na utapikwa na mikono isiyo ya mama.

Ugumu ulianza hapo. Waende wapi?

"Nitakupeleka hoteli, Mayo," binti alisema. Mama akakubali, kila mmoja akiwa na hoteli yake akilini. Katika Kiswahili cha Kenya neno hili lina maana mbili zisizofanana hata kidogo. Hoteli ya Ukunda, karibu na steji ya matatu, ni chumba chenye meza ndefu na viti vya plastiki, ambamo mpita njia hula wali wa nazi, maharagwe au sima kwa mchicha, akanawa mikono na kuendelea na safari. Hoteli ya Diani, kilomita chache tu kuelekea baharini, ni ukuta, lango, bustani na kidimbwi cha kuogelea. Mtu anaweza kuishi umri wake wote kati ya hoteli hizo mbili na asiingie ile ya pili ila kwa kazi.

Walimu wenzake hawakukosa mapendekezo. Mmoja alitaja Ali Barbour's, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1983 ndani ya pango la asili la matumbawe, ambamo wageni hula usiku huku wakiziona nyota. Mama aliposimuliwa, alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. "Pangoni huendwa kwa tambiko, mwanangu, si kwa mlo." Mwingine alitaja Gazi, ambako akina mama wa kijiji huwatembeza wageni juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko na kuwauzia vyakula vya Kiswahili. Binti alilikataa wazo hilo mara moja. Alimjua mamaye: huko angeingia jikoni kusaidia kukuna nazi.

Hatimaye alichagua hoteli moja ya ufuoni, si ya ghali kupita zote. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Januari, pepo za kaskazi zikivuma, bahari imetulia na samaki ni wengi. Mama alivaa leso mpya. Walishuka kwenye tuktuk, wakaliendea lango.

"Shikamoo, mama," mlinzi alisema.

"Marahaba."

"Mnamtafuta nani?"

Hapakuwa na ujeuri katika sauti yake. Aliuliza kama alivyozoea kumuuliza kila mwanamke wa leso aliyefika langoni pasi na gari: aghalabu huyo huwa amekuja kutafuta kibarua, au kumwona jamaa yake afanyaye kazi ya kufua mashuka. Binti alipojibu kuwa wamekuja kula, mlinzi aliduwaa, akaomba radhi na kuwafungulia. Mama hakusema neno.

Mezani waliletewa menyu ya Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano. Hapo mwalimu wa Kiswahili akajikuta akimtafsiria mamaye, kutoka lugha ya mbali, samaki wa bahari ya kwao aliyepikwa kwa nazi za kwao. Samaki wa kupaka alikuwa ameelezwa kwa mstari mzima wa Kiingereza, mithili ya mtu anayetambulishwa kwa kimo na kazi yake pasipo kutajwa jina. "Mbona hawakumwita jina lake?" mama aliuliza. Mhudumu, ambaye aliwasikia wakizungumza Kidigo, alimsemesha binti kwa Kiingereza. Chakula kilikuwa kitamu. Bili ilipofika, pamoja na asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani, mama aliichukua, akaihesabu kwa mahamri, akairudisha mezani bila ya kusema ni mangapi.

Ndani ya matatu ya kurudi Msambweni ndipo alipotoa hukumu yake. "Samaki alikuwa mzuri. Ila hakuna aliyeniambia, 'Karibu, ongeza.'"

Maneno hayo yalimkosesha binti usingizi. Aliona kuwa alitaka kumtunza mamaye akaishia kumdhalilisha. Juma lililofuata alimsimulia mwenzake afundishaye sayansi kimu, naye akamjibu kwa kisa cha mji wa mbali. Katika jiji la Copenhagen, mikahawa ya kifahari ilitegemea sana upishi wa Kifaransa, kana kwamba Denmark haikuwa na chakula cha kumwandalia mgeni. Mwaka 2003 mpishi René Redzepi na mwenziwe Claus Meyer walifungua mkahawa wao, na mwaka uliofuata wapishi wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya walitia saini azimio la kupika vyakula vya kwao kwa majira yake. Walichuma hata majani ya mwituni na ya ufuoni. Mwaka 2010 mkahawa huo ulitangazwa kuwa wa kwanza katika orodha maarufu ya mikahawa 50 bora duniani. Jina lake ni Noma, kifupi cha maneno mawili ya lugha ya Denmark yenye maana ya chakula cha Kaskazi. Binti alitabasamu, kwani vinywani mwa vijana wa Kenya noma ni jambo la kutisha, au la kusifika mno. Kisha akaukumbuka mchunga, mboga chungu ambayo mamaye huichuma ukingoni mwa shamba na kuiunga kwa tui, na ambayo hakuiona popote katika ile menyu ya lugha tatu.

Diani nayo ina sababu ya kumkumbuka mwenyeji. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii wa kigeni. Mwaka 2014 baadhi ya nchi za Magharibi ziliwaonya raia wao dhidi ya safari za pwani ya Kenya. Mwaka 2020 korona ilizifunga safari za ndege. Kila mara, waliotazamiwa kuziokoa hoteli walikuwa Wakenya, na tangu mwaka 2017 treni mpya ya Nairobi imewarahisishia safari. Hata hivyo, mgeni wa Nairobi afikaye kwa gari haulizwi anamtafuta nani. Kumbe swali la langoni halikuwa la rangi ya ngozi pekee. Lilikuwa pia la leso na tuktuk.

Mwezi wa pili ulipokwisha, binti alikuwa amejifunza, au alidhani amejifunza. "Mayo, leo tutakula Ukunda, pale penye wali wa nazi."

Mama alitikisa kichwa. "Ukunda nitakwenda siku yoyote, kule wananijua. Nirudishe kulekule."

"Hata baada ya yale?"

"Hawanijui kwa sababu siendi."

Walipofika, mlinzi alikuwa yuleyule. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunamtafuta samaki wa kupaka."

Kijana alicheka, akalifungua lango. "Karibuni," akasema.