Sifa Kabla ya Thamani

"Mwalimu, x ni ngapi?" Swali hilo nililisikia kila muhula nilipofundisha hisabati, na hata chuoni nilipowanoa walimu. Sasa nimestaafu, nami hujishughulisha na Maxima, programu ya aljebra iliyotokana na Macsyma, ambayo ilianza kuundwa MIT, Marekani, mwaka 1968. Humo, x yaweza kukosa thamani na bado ikawa na mengi ya kusema.

Maxima imeandikwa kwa Lisp, lugha ya kompyuta ambamo alama huwa na jina, thamani na orodha ya sifa, kila kimoja mbali na kingine. Ukiomba kipeuo cha pili cha x mraba, hujibu abs(x), yaani ukubwa wa x bila kujali ni chanya au hasi. Andika assume(x>0), nayo itajibu x. Andika declare(n, integer), na n inakuwa namba kamili isiyojulikana ni ipi. Papo hapo sin(n*%pi) inakuwa sifuri. Hata fanksheni isiyo na kanuni hupewa tabia: baada ya declare(f, oddfun), f(-x) hugeuka -f(x).

Sisi watu wa lugha hatuwi wageni hapa. "Kiboko amelala" ni mnyama. "Kiboko kimelala" ni cha kuchapia. Upatanisho umetangaza sifa.

Lakini sifa iliyotangazwa haifutiki yenyewe. Uliyoitangaza asubuhi itaamua jibu la jioni, kimyakimya, katika hesabu nyingine kabisa. Ndiyo maana kuna properties(n) na facts() za kuuliza alama imebebeshwa nini, kisha remove(n, integer) na forget(x>0) za kuitua mzigo.

Hapo hulikumbuka neno "mshamba". Kwa umbo lake ni mtu wa shamba, basi. Baba yangu alikuwa mtu wa shamba; jembe lake ndilo lililonilipia ada. Ujinga na ushamba viliunganishwa zamani, na aliyetangaza hajulikani. Darasani watoto walitaniana kwa neno hilo, na waliocheka zaidi walikuwa watoto wa wakulima.

Lugha haikutupatia amri ya remove. Mtunzi mwenzangu, ukilitia neno hilo katika ubeti, litue mzigo kwanza.