"Baba, hapa nikiulizwa niseme nini?"

Sweta la shule lilikuwa kwa fundi, na fundi mwenyewe yuko hatua chache tu kutoka makutano ya Mafiati, jijini Mbeya. Jioni ilikuwa imeingia na baridi lake. Baba mmoja wa watoto wawili alitazama huku na huku, hakuona trafiki. Akasogeza gari kwenye kona ya njia panda, akawasha taa za tahadhari, kisha akamgeukia mwanawe wa miaka tisa aliyekaa kiti cha nyuma.

"Nakuja sasa hivi. Akija trafiki, mwambie tumbo limemkata baba, amekimbilia duka la dawa."

Dakika mbili zikawa kumi na tano, maana fundi alikuwa hajamaliza kupunguza mikono. Baba alipotoka na sweta begani, askari wa usalama barabarani alikuwa amesimama dirishani. Mtoto alishasema alichofundishwa. Askari hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa upole, "Pole mwanangu. Kaenda duka lipi, tukamwangalie?"

Swali hilo mtoto hakuwa amefundishwa jibu lake. Akamwona baba yake anakuja, mzima kabisa, na sweta begani. Akainamisha kichwa.

Baba alijaribu kujitetea. "Afande, ushuru wa maegesho nimelipa leo hii hii." Askari akamweleza kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Ushuru unaokusanywa na TARURA ni wa kuegesha mahali palipotengwa. Haumpi mtu ruhusa ya kusimama kwenye njia panda, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu wala mbele ya kituo cha daladala. Karatasi ikatoka mashineni ikiwa na namba ya malipo: shilingi 30,000 kwa kosa moja. Fundi alikuwa amechukua 3,000. Sweta sasa lilikuwa limegharimu 33,000.

Nyumbani, mama ndiye aliyeshika simu. Aliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni, na faini ya jioni ile ikaonekana. Halafu akapiga *152*00# kuangalia upande wa maegesho, akakuta kuna ushuru wa siku za nyuma ambao mumewe alikuwa ameusahau. Akaulipa usiku uleule, kwa sababu deni la maegesho likiachwa huzaa faini yake.

Wakiwa mezani, mtoto akauliza swali alilokuwa nalo tangu Mafiati.

"Baba, nilisema vilevile ulivyoniambia. Nilikosea wapi?"

Mama aliacha kupakua. Alimtazama mumewe, akangoja. Baba akasema, "Kula, chakula kinapoa."

Wazazi wengi wanaoendesha magari wanaijua mbinu hiyo. Mtoto anaachwa garini ili gari lionekane lina mtu, dereva apate muda wa kuingia dukani. Wengine humpa kazi ya kuchungulia: "Ukimwona trafiki, nipigie." Huonekana ni ujanja mdogo wa mjini. Lakini mtoto aliyeachwa pale hajui kama gari likigongwa afanye nini, na anajifunza kwamba sheria ni kitu cha kukwepa na kwamba uongo ukitumwa na baba si uongo.

Wiki iliyofuata, shangazi alikuwa anatua kwa ndege kutoka Dar es Salaam, waende naye Iringa kumwona bibi. Uwanja wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012, uko nje ya jiji, ukishapita Mbalizi kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma. Baba alifika mapema, na kwa mazoea akapunguza mwendo karibu na pale njia ya uwanjani inapoachana na barabara kuu. Alitaka asubiri pembeni hadi shangazi apige simu, aokoe hela ya maegesho ya uwanjani.

Kabla hajazima gari, sauti ndogo ikatoka nyuma. Haikuwa na kejeli hata kidogo. Mtoto alikuwa anataka kujiandaa tu.

"Baba, hapa nikiulizwa niseme nini?"

Baba hakujibu. Aliingiza gia, akaingia hadi ndani na kuegesha kwenye eneo la maegesho. Akamtumia shangazi ujumbe: "Ukishachukua begi lako, ndipo upige. Tuko ndani." Ndege ilichelewa kidogo kwa sababu ya ukungu, jambo ambalo wenyeji wa nyanda hizi wamelizoea. Waliokuwa wamesimama mbele ya jengo la abiria waliambiwa waondoe magari, kwa kuwa pale ni pa kushusha na kupakia tu. Yeye hakusumbuliwa na mtu. Alikaa na mwanawe wakila karanga na kutazama angani.

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Walipita Makambako na Mafinga, na mchana wakafika Ipogolo, chini ya mlima, pale barabara ya kupanda Iringa mjini inapoachana na barabara kuu. Bibi alikuwa amekuja kuwapokea, yuko ng'ambo na kapu lake. Safari hii baba alipita njia panda, akaenda mbele mpaka alipopata mahali pa wazi nje kabisa ya barabara. Mtoto akateremka na shangazi yake kumfuata bibi, na baba akawatazama kwa nyuma.

Kwenye kona kulikuwa na gari aina ya Noah limeegeshwa, taa za tahadhari zinawaka, dereva hayupo. Bibi alitaka kuvuka, lakini Noah lilimziba. Hakuona linalokuja, na anayekuja hakumwona. Akatoka hatua moja barabarani ili achungulie. Lori likapiga honi, naye akarudi nyuma nusura aanguke, kapu likamwagika.

Hakuumia. Lakini baba alibaki ameshika usukani, mikono inamtetemeka. Barabara ile hupitisha malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Hata dereva anayetii kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde moja. Akifumba na kufumbua tu, gari limekwisha kumfikia mtu. Chuoni alikofundishwa udereva walimwambia kwamba gari lililo kwenye kona huziba macho ya wote, anayevuka na anayekata kona, na huwasukuma wenzake katikati ya barabara. Alikuwa amelikariri hilo apate leseni. Siku ile ndipo alipoliona, na aliyezibwa alikuwa mama yake mzazi. Akalikumbuka gari lake mwenyewe pale Mafiati, likiwaka taa zilezile.

Jioni, nyumbani kwa bibi, alimwita mwanawe wakakaa nje, mlangoni.

"Uliniuliza ulikosea wapi. Wewe hukukosea. Nilikosea mimi mara mbili. Nilisimamisha gari mahali pa kuua watu, halafu nikakutuma ukaniongopee. Nisamehe."

Mtoto alifikiri kidogo. "Na trafiki nitamwambia nini siku nyingine?"

"Hutakuwa peke yako garini, siku nyingine. Tutashuka wote."

Sasa siku za kwenda kwa fundi, baba huyo hutoka nyumbani dakika kumi mapema. Huegesha mbali, mahali palipotengwa, hulipa ushuru wake, na wawili hao hutembea kwa miguu hadi Mafiati. Njiani mtoto husimulia mambo ya shule ambayo garini hakuwahi kuyasimulia. Faini ya pili haijaja. Na kila wakipita kwenye kona yenye gari, mtoto ndiye anayemshika baba mkono na kumwambia, "Ngoja kwanza, hapa hatuonekani."