Siku Mbili Pangani

Wengi wenu mwakaa milimani kama sisi, nanyi mwajua jinsi mtu wa shamba asivyopata nafasi ya kupumzika. Mahindi yakiisha huja maharagwe, na maharagwe yakiisha huja viazi. Lakini mwaka huu, shule zilipofungwa mwezi wa Juni, twalikata shauri kushuka pwani siku mbili, jamaa yote ya nyumba pamoja na mama yetu mzee.

Mama alikuwa hajaiona bahari tangu kuzaliwa kwake. Kwanza alikataa, akisema, "Nyika ni nchi ya homa. Mtu wa Shambaai ana kazi gani huko?" Wajukuu wakambembeleza, hata akakubali.

Twalitoka Soni alfajiri, baridi ikiuma. Gari likateremka mizunguko ile mpaka Mombo, nasi tukawa tunavua nguo moja moja kwa joto. Tukapita Korogwe, Segera na Muheza penye mashamba ya mkonge, na alasiri tukafika Pangani. Ndugu yetu mmoja akatukaribisha kwa wali wa nazi na samaki.

Asubuhi yake watoto walikimbilia ufukoni, wakarudi wakilia kwamba bahari imeondoka. Kumbe maji yamekupwa! Tukawaeleza kwamba mwezi huyavuta maji, yakajaa na kupwa mara mbili kila siku. Yaliporudi, mama akachota kidogo kwa kiganja, akaonja, akatema, akacheka sana. Hatukumbuki ni lini twalimsikia akicheka hivyo. Mchana kutwa tulikaa chini ya mivinje tukinywa madafu, wala hapana aliyeuliza saa.

Siku ya pili tukapanda kivuko kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Mto ulikuwa mwekundu kwa matope. Mama akautazama kitambo, akasema, "Huu ni udongo wa kwetu."

Watoto walidhani anafanya mzaha, lakini alisema kweli. Mto wa Soni hushuka Mombo, ukaingia Mkomazi, nao Mkomazi huingia katika mto Pangani. Mto huo huleta pia maji ya Kilimanjaro, ya Meru na ya Upare, wala hapana awezaye kutenga udongo wa huyu na wa yule. Hata hivyo twalijua mama anawaza nini. Masika yaliyopita mvua ilikuwa imechukua sehemu ya juu ya shamba lake, mawe yakabaki wazi.

Mara nyingi twalimshauri apige makinga ya maji, naye akakataa, tukamwona mkaidi. Pale kivukoni ndipo alipotueleza kisa chake. Katika miaka ya 1950, alipokuwa mtoto, alimwona mama yake akilimishwa matuta kwa amri ya serikali ya Waingereza, na asiyelima hutozwa faini. Tangu siku zile, kila aliyetaja matuta, yeye alisikia sauti ya askari. Nasi, tulio walimu, miaka yote hiyo twalimfundisha, wala hatukumwuliza hata mara moja.

Akanyamaza hata kivuko kikagusa pwani ya pili. Kisha akasema, "Haya, pandeni majani yenu. Lakini nitawaonyesha mimi mahali, kwa maana najua maji yanapopita."

Jumamosi iliyofuata, nyumbani Soni, mama alitangulia na fimbo yake, akichora mstari, nasi nyuma tukichimba. Mahali pawili alituonyesha, sisi tusingalipadhania.

Basi, wasomaji, mkipata nauli shukeni pwani pamoja na wazee wenu. Mkiikosa, ketini nao kivulini penu siku moja, jembe likiwa chini, mkawaulize yale ambayo hamjawauliza.